Pete Inayochoma

Tangu pete za ndoa zianze kupata moto kila mwenzako anapokuwaza, Mwantumu alikuwa ameizoea yake. Ilikuwa vuguvugu saa ya chakula cha mchana, basi. Mume mwenye njaa humkumbuka mkewe, hilo halikumsumbua.

Lakini leo ilimchoma asubuhi, akiwa bado anakuna nazi, ikawaka nyekundu kama kaa.

"Una bahati, shoga," jirani yake, Bi Nuru, akasema kwa kijicho.

"Bahati gani? Miaka yote hii, leo ndiyo ananiwaza hivi? Kuna kitu amefanya."

Kutwa nzima akamuwaza mumewe: zile safari zake, yule mhasibu mpya anayechekacheka ovyo. Kadiri alivyomuwaza, ndivyo pete yake nayo ilivyozidi kuunguza.

Jioni mumewe, Kibwana, akaingia, kidole amekifunga kitambaa kibichi. Hata salamu hakutoa.

"Mama Rehani, pete imeniunguza tangu asubuhi. Umefanya nini mpaka unikumbuke hivyo?"

"Mimi? Si wewe ndiye uliyeanza?"

"Wewe ndiye uliyeanza!"

Wakala huku kila mmoja akimchunguza mwenzake kwa jicho la pembeni. Umeme ulipokatika, vidole vyao viwili vikabaki vinang'aa mezani.

Bi Nuru aliwaona kutoka dirishani kwake. "Tazama watu wanavyopendana," akamwambia mumewe.

Kisha akaigusa pete yake mwenyewe. Ilikuwa baridi. Akajiuliza huyu bwana anamuwaza nani.

Gizani, mumewe akashtuka, akakitazama kidole chake.