Alama ya Kidole

Sumaili hakuwa na glavu, wala buti, wala kofia ya chuma. Alikuwa na msumeno wa mashini tu, na mnyororo wake ulikuwa umelegea, ukining'inia vidole viwili chini ya chuma chake.

"Mti ule umepasuka shinani, kapita," alimwambia msimamizi wa wakataji. "Na mnyororo huu utaruka."

"Wee mtu wa Wamaza, kabila lenu la msituni, tangu lini unaogopa kuni?" Kapita alicheka, akaweka karatasi, bahasha, kalamu na wino juu ya boneti ya lori. "Tia kidole hapa kwanza. Barua inakwenda Kasongo, kwa Mzungu anayekagua kazi."

Kisha akageuka kuutilia msumeno petroli. Hakujua kwamba Sumaili alikuwa amesoma masomo ya jioni miaka mitatu.

Sumaili aliinama, akasoma: Nimepewa glavu, buti, kofia na mnyororo mpya. Nikiumia, kosa ni langu.

Mkataji aliyemtangulia naye alitia kidole. Kaburi lake lilikuwa nyuma ya kambi.

Sumaili alishika kalamu. Akaandika chini, kwa mwandiko wa kunyooka: Sikupewa hata kimoja. Mti umepasuka, mnyororo umelegea, naamriwa kukata leo. Akatia jina lake lote.

Msumeno ulinguruma nyuma yake.

"Umetia kidole?" kapita alipaza sauti. "Njoo, mti unakungoja!"

"Nakuja, kapita."

Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi yake, akaibana kwa kidole gumba kisicho na wino, akampa dereva. Lori likaondoka kuelekea Kasongo.