Chini ya Ngozi

"Leo aingie mgonjwa mwenyewe," muuguzi alimwambia mama yangu mlangoni. "Wewe mama tusubiri nje."

Mama alisita. Tangu nianze dawa za akili, yeye ndiye huingia na kadi yangu na kujibu kila ninachoulizwa.

Tulikuwa wagonjwa saba kwenye mabenchi. Hakuna aliyewahi kutufundisha mambo ya mke na mume. Watu hudhani akili ikiugua, mwili nao unalala. Muuguzi alituonyesha kondomu, kisha vidonge, kisha akainua kijiti cheupe, laini, chembamba kama njiti ya kiberiti.

"Hiki huwekwa chini ya ngozi," alisema, akijigusa mkono kwa ndani, juu ya kiwiko. "Ukiwa nacho hushiki mimba. Ukipapasa, unakisikia."

Nilipapasa wangu. Kilikuwepo. Kilikuwa pale pale ambapo mama aliniambia nimewekewa dawa ya kutuliza akili, miezi miwili kabla ya harusi yangu.

Mume wangu alisubiri mtoto miaka mitatu, kisha akanirudisha nyumbani Itetemia na godoro langu.

Nilipotoka, mama aliinuka haraka. "Wamewaambia nini, Recheli?"

Hakungoja jibu. Alinishika mkono juu ya kiwiko, kama anavyonishika kila tunapotembea, na kidole gumba chake kikapapasa taratibu mpaka kikakipata.

Siku zote nilidhani ananishika nisianguke.