Benchi la Kamba

Saa nne asubuhi mabenchi yote yalikuwa yamepangwa uwanjani, kila moja na kopo tupu ubavuni. Serikali ilikuwa imewaomba wananchi wabuni benchi la vituo vya basi vya nchi nzima, na nusu ya mji ilikuwa imeitikia. Utaratibu ulikuwa rahisi: mtu anakaa, anainuka, anatia punje ya mahindi katika kopo la benchi lililomridhisha.

Shuwena, mpiga chapa wa bomani, alikuwa amesuka lake kwa kamba, likabonyea kidogo kama kitanda.

"Dada, hilo ni la kukalia au la kuanikia dagaa?" aliuliza fundi Machano, ambaye la kwake lilikuwa la saruji.

"Kaa kwanza, ndipo useme."

Machano alikataa. Kufikia adhuhuri kopo lake lilikuwa limefika nusu. La Shuwena halikuwa na hata punje moja, ingawa watu watatu waliokaa pale mapema walikuwa bado wapo, na mmoja wao alikuwa amevua viatu.

"Jamani, inukeni mkapige kura!"

"Tunakuja, mwanangu," alijibu mama aliyevua viatu, asiinuke.

Mwenyekiti wa waamuzi alifika, akalitikisa kopo la Shuwena.

"Tupu," alisema.

Akawaomba wale watatu wasogee kidogo, akaketi ili aandike matokeo. Mabenchi mengine yalipoanza kubebwa, kalamu yake ilikuwa bado na kifuniko.