Wachambuzi wa Ukutani

Kila nyumba ina sauti zake ukutani, na sheria inataka tuwaite Wachambuzi. Jirani yangu Bi Tausi aliwaita wambea. Akachukuliwa, na mpaka leo hajarudi.

Leo nilikuwa nasonga ugali. "Bi kizee, mwiko unaushika kama fagio," wakasema. "Ndiyo maana mjukuu wako amekonda."

Hasira zikanipanda. Nikamgeukia Siwema, mjukuu wangu. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Hawapiki, hawakualikwa, lakini chumvi ya mchuzi wangu wanaijua."

Siwema akacheka, akafungua mdomo, kisha akautazama ukuta. "Sijui, bibi. Nakupa mji."

Nikashusha pumzi. Mtoto kaniokoa.

"Mji umeshapewa, bibi," ukuta ukasema kwa upole. "Haya, sasa tupe jibu."