Mahindi ya Ndani ya Kamba

Mpimaji wa mavuno aliangika gunia kwenye mzani, akatabasamu. "Hongera, mama. Tija kama hii sijaiona Ndalambo nzima."

Mwezi wa kwanza mpimaji huyu alichagua pembe moja ya shamba la Sekela, akapiga vigingi vinne, akazungusha kamba, akasema atarudi kupima mahindi ya humo tu. Sekela aliona aibu mgeni wa serikali aje akute mahindi dhaifu. Mfuko wake mmoja wa mbolea ya ruzuku aliumalizia humo. Palizi tatu humo, kwingine moja.

Sasa nje ya kamba mabua yalikuwa membamba kama vidole, mengi hayakubeba kitu.

"Shamba lako ndilo sampuli ya kijiji," mpimaji alisema, akibonyeza kishikwambi. "Naandika kwamba mbolea ya ruzuku hamuihitaji tena."

"Na huku nje, baba? Huku hujapima."

"Nje ya kamba sipimi, mama."

Hakugeuka hata kutazama. Aling'oa kigingi cha kwanza, akakikung'uta udongo kwenye kiatu.

Sekela akainama, akamng'olea vile vitatu vilivyobaki.