Jina la Kanga

Sheria ilitaka kila mtu abaki na simu moja tu kwa miaka kumi, na ofisa wa kukusanya za ziada alikuwa ameshaketi sebuleni. Siwema, asiyeona tangu utotoni, alishika zake mbili. Kitochi alikijua kwa vidole. Aliandika ujumbe kwa vibonye hata katikati ya kelele za soko. Simu janja alikuwa nayo kwa wiki moja ya majaribio, na ilimsomea chochote alichoielekezea.

"Baki na kitochi, wifi," alisema Mwanshamba, dada wa mumewe. "Hilo jingine lina mdomo kama kasuku."

Siwema alicheka, akaielekeza simu janja kwenye kanga aliyojifunga, zawadi ya Mwanshamba siku ya harusi. Kwa miaka sita aliambiwa jina lake, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, ni "Karibu nyumbani".

"Hata ukikaa, si kwenu," simu ikasoma kwa upole.

Ofisa akakohoa. Mwanshamba akaangua kilio.

"Nilikuwa na hasira za kijinga, wifi yangu. Baadaye nikakupenda, nikaona haya kukwambia uivue."

Siwema akamkabidhi ofisa kitochi.

"Haya, twende dukani. Leo nachagua jina mimi, na kanga utaivaa wewe."

"Utanitukana?"

"Utalisoma mbele za watu."

Mwanshamba alicheka huku akifuta machozi. Barabarani, Siwema aliinua simu na kuielekeza mbele. Mtaa ulikuwa umejaa kanga, na kwa mara ya kwanza alitaka kuzisikia zote, hata zile zilizokuwa zikimsema yeye.