Nakala ya Arobaini na Moja

Jeli ilikataa kuganda. Scola aliigusa katikati ya sinia, na kidole chake kikazama kama kwenye uji.

"Umezidisha maji," mama yake alisema kutoka mlangoni. "Irudishe motoni, uongeze gliserini."

Scola aligeuka kumtazama. Baba alipokuwa hai, hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kuigusa sinia ile, na mama hakuwahi hata kuulizia habari zake.

Ilikuwa mwaka 2007, miezi miwili tangu wamzike baba yake, mwalimu Kefa, kijijini Ikinga. Mama yake, Imelda, alikuja Tunduma kukaa naye, na ndani ya mzigo, kwenye kitenge, alileta sinia ya bati ya marehemu na penseli zake za wino wa zambarau.

Scola alikuwa ameanza kufundisha watoto wadogo sebuleni kwake. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, fotokopi za mjini hazitegemewi, akaamua kuchapa mwenyewe. Picha alizichonga kwa wembe kwenye soli za kandambili kuukuu: jani la kahawa, kuku, ng'ombe mwenye pembe ndefu. Alizipaka wino kwa sponji, akazigonga kwenye karatasi, zikapendeza. Tatizo lilikuwa herufi. Zile alizochonga zilitoka zimegeuka, nyuma mbele. Ndipo akaikumbuka jeli ya baba ya kutolea nakala.

Aliiyeyusha tena, akaongeza gliserini, akaimimina na kuiacha ipoe. Mchana ilikuwa imeshikamana vizuri. Aliandika irabu zote tano kwa penseli ya zambarau, akailaza karatasi kifudifudi juu ya jeli, akasubiri, akaibandua. Maandishi yalibaki kwenye jeli. Kila karatasi tupu aliyoilaza juu yake ikainuka na nakala yake.

"Baba angefurahi," alisema.

Mama alikuwa akizipanga nakala sakafuni zikauke.

Hivyo ndivyo baba alivyochapa mitihani. Mwaka 1989 masista wa shule moja ya wasichana walimpa kazi ya kutoa nakala za mtihani wao wa kuingia, kwa watoto wote wa upande ule. Walimwamini. Alijifungia chumbani akachapa nakala arobaini, akazihesabu mara mbili, akaichoma karatasi ya mwanzo, akaiosha jeli, kisha akatembea hadi parokiani kuzikabidhi.

Siku tatu baadaye iliokotwa nakala ya arobaini na moja, kwenye njia ya kwenda mtoni. Ilikuwa imefifia, lakini hati ilikuwa ya Kefa, na binti yake alikuwa mmoja wa watahiniwa. Hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine.

Alifukuzwa kazi. Masista walileta mtihani mpya kutoka mbali, ambao hakuna mtu wa Ikinga aliyewahi kuuona. Scola akaufanya, akawa wa kwanza.

"Mimi sikutoa karatasi," Kefa alirudia kwa kila mtu, mpaka akachoka kurudia. Watu waliacha kumwita mwalimu. Kwaya akaiacha mwenyewe. Kwa miaka kumi na minane alipalilia kahawa, na akipita karibu na shule watoto wakiwa wanaimba, alikuwa akiharakisha mwendo.

Mtu mmoja tu hakumtilia shaka hata siku moja, naye ni mkewe. Imelda aliishia darasa la nne, lakini kwa jambo hilo alibishana na wakubwa. Aligombana na mashemeji zake, akaacha kusalimiana na mke wa mwalimu mkuu. Kaburini alimkatisha padre katikati ya maneno yake. "Semeni pia kwamba hakuwa mwizi," alisema, na padre akasema.

Scola alisimama pale kaburini ameinamisha kichwa. Yeye hakuwahi kumwambia baba yake kwamba anamwamini. Miaka yote alidhani baba alifanya kosa lile kwa ajili yake, na alikuwa amemsamehe kimoyomoyo, bila kumwambia. Sasa hakuna wa kumwambia.

Nakala ya thelathini na tano ilitoka hafifu. Ya arobaini ilisomeka kwa shida. Scola aliiosha jeli kwa sponji na maji mpaka zambarau yote ikaondoka, akaibeba sinia kwenda kuimwaga nje.

"Usiimwage," mama alisema. "Bado yamo."

"Nimeshaosha, mama."

"Yamezama ndani. Lete karatasi."

Mama aliinyunyizia karatasi maji kwa ncha za vidole, akailaza juu ya jeli, akaweka viganja vyote viwili. Hakubonyeza kwa nguvu. Alifumba macho akihesabu taratibu, midomo ikicheza, na Scola akamsikia akifika mia mbili. Kisha aliibandua kuanzia pembeni, kidogo kidogo, akampa.

Irabu zote tano zilikuwapo, zimefifia, zinasomeka.

Scola aliishika karatasi ile kwa muda. Barabarani malori yaliyopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yakipiga honi.

"Baba alikufundisha hivi?"

"Hapana." Mama alikuwa akijifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. "Nilijaribu mwenyewe siku moja. Alipokuwa amekwenda parokiani."

Scola alikaa chini.

"Alijua?"

"Aliniuliza mara moja tu," mama alisema. "Nikaapa kwa jina lako."